Mlipaji wa Upasuaji wa Pili

Upasuaji wa urembo ukiharibika, au ukimwacha mtu na sura ambayo hakuitarajia, mara nyingi hulazimu kurudi chumba cha upasuaji. Gharama ya safari hiyo ya pili imegombaniwa kwa karibu miaka 100 na wagonjwa, madaktari, kampuni za bima, viwanda na serikali. Katika ugomvi huo sababu ya upasuaji wa kwanza imekuwa na uzito kuliko ukubwa wa madhara. Aliyepasuliwa kwa ajili ya ugonjwa kwa kawaida amepata wa kumlipia. Aliyejipeleka mwenyewe kutafuta urembo ameambiwa avune alichopanda, hata pale ambapo mkosaji alikuwa mtu mwingine kabisa.

Mahakama ndizo zilizotangulia. Mwaka 1929, mahakama moja ya Paris ilimwamuru daktari mpasuaji alipe faranga 200,000 kwa mwanamke aliyetaka kupunguzwa unene wa miguu na badala yake akakatwa mguu mmoja. Mahakimu hao walikwenda mbali: walisema kuupasua mguu mzima usio na ugonjwa, kwa ajili ya urembo tu na kwa hatari kubwa kiasi hicho, ni kosa tosha. Mwaka 1931 mahakama ya rufaa iliacha fidia kama ilivyo lakini ikaikataa hoja hiyo. Upasuaji wa urembo ukabaki halali nchini Ufaransa, na daktari akawa na wajibu wa kumweleza mteja hatari zake.

Nchini Marekani mashauri ya namna hii yalipitia mlango wa mkataba. Katika mji wa Berlin, jimbo la New Hampshire, daktari alimwahidi kijana mwenye kovu la kuungua kiganjani kwamba atampa mkono mzuri kwa asilimia 100. Alichukua ngozi ya kifuani akaipandikiza kiganjani, na kiganja kikaota nywele. Mwaka 1929 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilisema kijana anastahili tofauti ya thamani kati ya mkono alioahidiwa na mkono alioupata. Wakaja kupatana kwa dola 1,400. Daktari alipoigeukia bima yake imrudishie fedha hizo, mwaka 1931 mahakama ya shirikisho ilimkatalia: bima hiyo ilikuwa ya kufidia makosa ya kitabibu, si ahadi alizozitoa kwa kinywa chake. Ufa huo kati ya kosa na ahadi haujazibika tangu hapo. Mgonjwa akithibitisha ahadi iliyovunjwa, huenda akamshinda daktari ambaye hana bima ya kulipa.

Shauri la Massachusetts la mwaka 1973 linaonyesha kwa karibu zaidi jinsi upasuaji wa marudio unavyohesabiwa. Mwanamke aliyeishi kwa kazi ya burudani alitaka pua yake ipunguzwe, na daktari akaahidi kuikamilisha kwa pasuaji mbili. Zikawa tatu. Pua iliingia ndani kuanzia juu hadi katikati, kisha ikavimba kama kitunguu, na ncha yake ikapoteza ulinganifu. Haikuwezekana tena kuirekebisha. Ada ya daktari na hospitali ilikuwa dola 622.65. Jopo la raia waamuzi liliona hapakuwa na uzembe ila ahadi ilivunjwa, likampa dola 13,500. Mahakama ya juu ilikubali kwamba maumivu ya upasuaji wa tatu yalipwe, kwa kuwa huo haukuwemo katika makubaliano. Ilionya pia kwamba maneno ya daktari ya kumtia mgonjwa moyo yasigeuzwe ahadi kirahisi, na kwamba ushahidi wa ahadi lazima uwe bayana.

Madaktari walilisikia onyo hilo. Fomu za ridhaa zilijaa kauli kwamba matokeo hayana dhamana. Palizuka pia desturi, ambayo ingalipo katika kliniki nyingi, ya daktari kusamehe ada yake akifanya marekebisho ndani ya muda fulani, huku mteja akilipia chumba cha upasuaji, nusukaputi na vipimo. Ni msaada wa kweli, lakini sehemu nzito ya mzigo hubaki begani kwa mteja.

Vipandikizi vya matiti vya silikoni, vilivyotumika kwa mara ya kwanza Houston mwaka 1962, vilimwingiza mlipaji mpya: kiwanda. Mwaka 1992 mamlaka ya dawa ya Marekani ilizuia matumizi yake ya kawaida. Mwaka 1994 watengenezaji walikubali kutenga dola bilioni 4.25 za fidia, lakini wadai walikuwa wengi mno na mpango ukavunjika. Kampuni ya Dow Corning iliomba ulinzi wa sheria ya ufilisi mwaka 1995. Mpango wake wa fidia ulianza kutekelezwa mwaka 2004, ukiwa na dola 5,000 za kuondolea vipandikizi na dola 20,000 kwa aliyethibitisha kuwa kipandikizi chake kilipasuka. Kati ya miaka hiyo, mwaka 1999, taasisi ya kitaifa ya utabibu ilitoa ripoti iliyosema ushahidi wa silikoni kuleta magonjwa ya mwili mzima haukupatikana. Hatari ya wazi ilikuwa madhara ya palepale kifuani na kupasuliwa tena na tena. Gharama ya kurudia upasuaji ndiyo iliyokuwa kiini cha suala, ilhali ubishi mahakamani ulihusu magonjwa. Kwa upande wa bima, sheria ya shirikisho ya mwaka 1998 ililazimisha mipango inayolipia ukataji wa titi lenye saratani ilipie pia kulijenga upya na kutibu madhara yake. Waliowekewa vipandikizi kwa urembo hawakuguswa na sheria hiyo.

Mtihani mkubwa kuliko yote ulitoka La Seyne-sur-Mer, kusini mwa Ufaransa. Kampuni ya PIP, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Jean-Claude Mas, ilijaza vipandikizi kwa silikoni ya viwandani ambayo haikuidhinishwa kuingizwa mwilini. Machi 2010 wakaguzi waliubaini udanganyifu huo, bidhaa ikaondolewa sokoni na kampuni ikafilisiwa mwezi huohuo. Mamia ya maelfu ya wanawake katika nchi nyingi walikuwa nayo vifuani. Mas alihukumiwa mjini Marseille mwaka 2013 kifungo cha miaka 4 na faini ya euro 75,000. Hata hivyo, adhabu yake haikulipia upasuaji wa mtu yeyote.

Serikali ya Ufaransa ilitangaza tarehe 23 Desemba 2011 kwamba wanawake wapatao 30,000 wanashauriwa kuviondoa, na bima ya afya ya taifa itabeba gharama. Vipya vingelipiwa kwa waliojengwa upya baada ya ugonjwa tu. Uingereza, yenye wanawake 40,000 hivi wenye vipandikizi hivyo, ilifuata mstari kama huo. Takriban asilimia 95 walikuwa wamevipata kliniki za binafsi, na serikali ilizitaka kliniki hizo ziwahudumie wateja wao bure. Kliniki ikikataa au ikiwa imefungwa, hospitali za umma zingetoa vipandikizi bila kuweka vingine. Maana yake mwanamke angepasuliwa mara mbili, kwanza hospitali ya umma kisha kliniki kwa fedha zake. Kamati ya Afya ya Bunge iliupinga mpango huo na kutaka mwanamke aruhusiwe kuchangia bei ya vipya ili kazi imalizike kwa nusukaputi moja. Hoja hiyo ilikuwa na utu, na kiafya ilikuwa sahihi. Wales iliamua kulipia kuondoa na kuweka vipya.

Kliniki zenyewe ziliyumba. Kundi moja kubwa la Uingereza lilipofilisika, wanawake 623 walikuwa wamelishtaki pamoja. Bima yake ililipia wale ambao vipandikizi vyao vilipasuka katika kipindi cha bima; 197 waliobaki, wengi wao wakiwa wameviondoa kwa hofu, hawakuwemo. Walishinda kesi lakini mdaiwa hakuwa na kitu. Jitihada ya kuibebesha kampuni ya bima gharama zao za kesi ilikwama Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2019.

Ujerumani ilikwenda njia kali zaidi. Sheria yake ya bima ya afya humtaka mgonjwa achangie matibabu ya madhara yaliyotokana na upasuaji wa urembo, chale za rangi au kutoboa mwili. Mwaka 2019 mahakama ya juu ya mambo ya jamii ilithibitisha kwamba sharti hilo ni halali.

Wanawake wa PIP waligeukia pia TÜV Rheinland, taasisi ya Ujerumani iliyothibitisha ubora wa kiwanda hicho. Mwaka 2013 mahakama ya Toulon iliamuru kila mdai alipwe euro 3,000 za awali. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya Aix-en-Provence ikafuta uamuzi. Mwaka 2018 mahakama ya juu ya Ufaransa ikaubatilisha ufutaji huo. Na mwaka 2021 Mahakama ya Rufaa ya Paris ikasema taasisi hiyo inawajibika. Mwanamke wa Ujerumani aliyejaribu kudai kwa bima ya PIP alishindwa mwaka 2020 mbele ya mahakama ya Umoja wa Ulaya, kwa kuwa bima hiyo ilihusu madhara yaliyotokea katika ardhi ya Ufaransa tu.

Kanuni mpya ya Ulaya ya vifaa tiba, iliyoanza kutumika Mei 2021, imeweka ukaguzi wa kushtukiza viwandani na kumtaka mtengenezaji awe na fedha za kutosha kufidia bidhaa mbovu, kulingana na hatari yake. Inahusu kifaa chenye kasoro. Kipandikizi kizima kilichowekwa upande, au pua isiyompendeza mwenyewe, bado hutegemea fomu ya ridhaa na makubaliano ya daktari na mteja.