Kongano la mkonge

Kongano ni mkusanyiko wa kampuni, mafundi, wanunuzi na taasisi za kazi moja zinazoishi jirani, zikigombania soko huku zikitegemeana. Wilaya ya Kilosa ni sehemu ya kongano kongwe Tanzania: la mkonge, ambalo kitovu chake ni Tanga.

Kilicholazimisha ujirani huo ni jani lenyewe la mkonge. Kilo 100 za majani hutoa singa, yaani nyuzi, kilo 4 hivi. Zinazobaki ni maji na makapi, na hakuna anayelipia lori libebe maji. Tena jani lililokatwa halingoji, maana likikauka, nyama yake hung'ang'ania singa. Ndiyo sababu korona, mtambo wa kutenganisha singa na jani, husimikwa katikati ya mashamba, karibu na maji. Singa huanikwa juani kwenye nyaya, hupigwa brashi, hupangwa kwa madaraja, kisha hushindiliwa kuwa marobota ya kilo 250 hivi.

Robota likishafungwa, mnunuzi wa ng'ambo haulizi kampuni ina umri gani, anauliza daraja. Singa za daraja la 3L ni 3L, ziwe za Kilosa au Korogwe. Kampuni changa hupata sifa iliyojengwa na wengine tangu 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida na 62 tu ikafika Tanga hai. Sifa hiyo pia huchafuka kwa pamoja: mmoja akificha singa mbovu ndani ya robota, jirani zake hushushiwa bei.

Baada ya Vita Kuu ya Pili wenye mashamba waliunda TASMA, chombo cha kuuzia mkonge kwa pamoja, hivyo hata asiye na wakala Ulaya alilifikia soko la huko. Mwaka 1964 uzalishaji ulipita tani 200,000.

Halafu zikaja kamba za plastiki. Bei ilianguka, mashamba mengi yakataifishwa 1967, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 zilibaki tani 20,000 hivi. Kongano lililoegemea zao moja lilianguka lote.

Lilipoinuka, korona ilikuwa tena katikati. Tangu 1999, kupitia mpango wa SISO, wakulima wadogo wa Korogwe walipewa viwanja ndani ya mashamba makubwa na kusindikiwa majani kwenye mitambo ya kampuni ya Katani. Huko Hale, hata makapi yaliyokuwa yakimwagwa yalifanywa gesi ya kuzalisha umeme, biashara isiyowezekana mbali na korona.