Ukuta wa seli za mkaratusi, upimaji wa (Kisii na Nyamira)

Kazi ya kupima, kwa hadubini ya mwanga na kompyuta, unene wa kuta za nyuzi zinazoupa mti uzito wake. Mkaratusi, hasa Eucalyptus grandis na E. saligna, umetapakaa katika vishamba vya kaunti hizi mbili. Huuzwa kama nguzo za umeme, mbao za ujenzi na kuni za boila katika viwanda vya chai kama Kebirigo, Sanganyi, Nyansiongo na Nyamache. Uliletwa Kenya mwaka 1902 ili kutoa kuni za garimoshi la Reli ya Uganda.

Kutayarisha sampuli

Kipande cha mti hulainishwa kwa maji ya moto, kisha mikrotomu, mashine ya kukata vipande vyembamba, hukikata tabaka za mikroni 10 hadi 20. Safranini hutia wekundu penye lignini. Buluu ya astra hushika selulosi. Nyuzi zikitakiwa moja moja, vibanzi huwekwa katika asidi ya asetiki na peroksaidi ya hidrojeni kwa nyuzijoto 60 hadi viachane, njia nyepesi ya Franklin (1945) ambayo bado inatumika sana.

Kuchambua picha

Programu inayotumika sana ni ImageJ ya Wayne Rasband, Marekani, isiyolipiwa. Kwanza hupigwa picha ya rula ya kioo kwa lenzi ileile, ijulikane mikroni moja ni pikseli ngapi. Kisha ukuta hutengwa na tundu la katikati ya seli kwa kizingiti cha mwanga. Hapa ndipo penye hila. Kizingiti kikisogezwa kidogo, ukuta hunenepa ilhali mti ni uleule, na tabaka iliyokatwa mshazari hudanganya vivyo hivyo. Ukuta mzima hupimika vizuri, lakini hadubini ya mwanga haitenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya mikroni 0.2 hivi, kwa hiyo tabaka nyembamba za ukuta huo, S1 ya nje na S3 ya ndani, huachiwa hadubini ya elektroni.

Unene wa ukuta mara mbili ukigawanywa kwa upana wa tundu hutoa uwiano wa Runkel. Watengenezaji karatasi hupenda ulio chini ya 1.

Matumizi

Ukuta wenyewe una gramu 1.5 hivi kwa sentimita ya ujazo, karibu katika miti yote. Hivyo mbao kavu yenye gramu 0.5 ni ukuta theluthi moja tu. Kuni zinazouzwa kwa mita ya ujazo huficha jambo hilo: anayenunua miti michanga, yenye kuta nyembamba, hulipia hewa nyingi.

Taasisi

Taasisi ya Utafiti wa Misitu Kenya (KEFRI, iliyoanzishwa 1986) ina kituo cha mazao ya misitu huko Karura, Nairobi.