Leseni na Mpaka: Usimamizi wa Uvuvi katika Eneo la Ipole, Tabora, 1970–2019

Historia ya usimamizi wa uvuvi nchini Tanzania imejikita zaidi katika mialo ya Ziwa Viktoria na ya pwani. Ipole, wilayani Sikonge, inaonesha sura nyingine. Wavuvi wake hutegemea mto Koga na mto Ugalla, ambao maji yake huingia Malagarasi na hatimaye Ziwa Tanganyika. Wakati wa kiangazi mito hii hukatika na kuacha mabwawa, na humo ndimo kambale na perege huvuliwa, kisha hukaushwa kwa moshi kambini.

Umbali uliopo kati ya kijiji na maji una chanzo chake. Kuanzia miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamishia wakazi wengi wa magharibi katika makazi ya pamoja ili kudhibiti malale. Ardhi iliyobaki wazi iligeuzwa misitu ya hifadhi na, katika miaka ya 1960, Pori la Akiba la Ugalla. Hivyo, mvuvi aliyafuata maji yale yale ndani ya ardhi iliyokwisha kubadilika hadhi.

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970, na baadaye ile ya 2003, iliiwezesha Idara ya Uvuvi kudhibiti leseni, zana na misimu. Hata hivyo, leseni hiyo haikufungua lango la pori. Mvuvi alihitaji pia kibali cha mamlaka ya wanyamapori. Aidha, vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vilivyotambuliwa na sheria ya 2003 vilibuniwa kwa ajili ya mialo ya kudumu, ilhali kambi za Ugalla huishi msimu mmoja na kuvunjwa.

Mwaka 2019 sehemu ya pori hilo ilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Sheria ya Uvuvi haikubadilishwa, wala samaki hawakuhama. Lakini uvuvi na urinaji wa asali, uliokuwa ukiruhusiwa kwa kibali, ulikosa nafasi ndani ya mpaka mpya.

Kwa msingi huo, katika eneo la Ipole haki ya kuvua imeamuliwa na hadhi ya ardhi inayozunguka maji kuliko na chombo chenye dhamana ya samaki. Mtafiti anayefuatilia nyaraka za uvuvi pekee atamwona mvuvi mwenye leseni, asimwone mvuvi huyo huyo akizuiwa mtoni.