Hata Choo Hushuhudia

Leo tuzungumze juu ya choo. Tafadhali msizime redio kwa haya! Sheria ya Musa yenyewe haikuona haya: katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, Waisraeli waliagizwa kwenda nje ya kambi, kuchimba shimo na kufukia.

Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 25, chatueleza jinsi Nebukadreza, mfalme wa Babeli, alivyouzingira Yerusalemu, tangu mwaka wa tisa wa mfalme Sedekia hata mwaka wa kumi na mmoja. Njaa ya mjini imepewa mstari mmoja tu. Hatuambiwi akina mama walipika nini jioni.

Jibu lilikuwa chooni. Kati ya 1978 na 1985, Yigal Shiloh na wenzake walichimba magofu ya Mji wa Daudi, kule Yerusalemu. Huko iko nyumba iliyoteketezwa mwaka 586 kabla ya Kristo. Waliiita nyumba ya Ahieli, kwa sababu jina hilo liliandikwa juu ya vigae vilivyookotwa humo. Ilikuwa na choo: kiti cha jiwe la chokaa chenye tundu katikati, na chini yake shimo. Siku zile choo kama hicho kilikuwa cha wenye mali.

Wataalamu waliutazama udongo wa shimo lile kwa hadubini. Waliona chavua, yaani ule unga wa maua, ya jamii ya haradali na ya mboga nyingine za majani. Ya nafaka ilikuwa haba. Waliona pia mayai ya tegu, mnyoo aletwaye na nyama isiyoiva, na ya minyoo waletwao na uchafu. Wakafikiri kwamba watu hawa walikula majani ya uani, kwa maana mashamba yalikuwa nje ya ukuta, mikononi mwa adui. Labda hata kuni za kuivishia nyama zilikuwa zimekwisha. Mwaka 2023 wachunguzi wengine walitangaza kuwa choo hicho kilikuwa pia na dalili za Giardia, kijidudu kiletacho kuhara.

Basi fikirini, ndugu zangu. Mwenye kiti cha jiwe alikula majani ya uani. Je, jirani yake maskini, asiye na choo wala ua, alikula nini? Yeye hakuacha hata shimo la kutusimulia.

Wahenga walisema, wapiganapo tembo, nyasi huumia. Wafalme wana waandishi wao. Nyasi hazina mwandishi. Kwa hiyo mkisikia katika taarifa ya habari kwamba mji fulani umezingirwa, na majina ya wakubwa yakitajwa, ulizeni nyumbani mwenu: huko, usiku wa leo, wanapika nini? Kisha waombeeni, na mwenye cha kutoa atoe.

Mungu awabariki. Amina.