Kunde za Kakapel na kazi ya kueleza sayansi mashinani

Likizo ya Agosti iliyopita nilipanda boda boda pale Malaba pamoja na mpwa wangu, mwanafunzi wa Gredi ya Saba, tukaelekea Kakapel. Malori yalikuwa yamepanga foleni kama kawaida yao yakingoja kuvukia Uganda, moshi na vumbi tele. Lakini ukishaiacha barabara kuu, hukawii kujikuta katikati ya mashamba ya muhogo, mtama na wimbi, na mbele yako vilima vya Chelelemuk.

Msomaji ambaye hajafika huko aelewe kwamba Kakapel ni jabali kubwa lililoinama likafanya kivuli mfano wa kibaraza. Kwenye uso wake kuna michoro ya rangi nyekundu na nyeupe: miduara ndani ya miduara, maumbo ambayo hayana majina, na ng'ombe. Baadhi ya michoro imechorwa juu ya mingine, ishara kwamba waliochora hawakuwa wa kizazi kimoja. Leo pahali hapo ni turathi ya kitaifa chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya.

Mpwa wangu aliitazama michoro kitambo, kisha akaniuliza, "Anko, waliochora hapa walikuwa Wateso ama Waluhya?"

Ni swali la mtoto, ila kwetu Busia si la kitoto. Kila uchaguzi unapokaribia, kila shamba linapozozaniwa, utasikia watu wazima wakiulizana nani alifika kwanza. Mimi mwenyewe babangu ni Mteso na mamangu ni Mkhayo, kwa hivyo swali hilo nimelila mezani tangu utotoni. Nikamjibu kijana, "Walikuwa watu wa zamani sana." Naye akanitazama kwa yale macho ya mtoto aliyegundua kwamba mkubwa wake hajui kitu.

Tena kulikuwa na jambo ambalo sikutaka alione. Pembeni mwa jabali, chini kidogo, kuna herufi mbili zilizochongwa kwa jiwe. Ni zangu. Nilikuwa na umri kama wake, tulikwenda kutembea vijana watano, na kila mmoja akaacha alama yake. Sijitetei. Nasema tu kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameelezwa pale ni mahali gani.

Naomba nikae kidogo kwenye neno hili "eleza", maana ndilo lililonifanya niandike makala haya. Kamusi zetu zina vitenzi viwili vyenye umbo moja. Kuna "elea" ya kuwa wazi, mathalani "maneno yako yamenielea", na "elea" ya kukaa juu ya maji bila kuzama. Vyote viwili hunyambulika vikawa "eleza". Ukieleza jambo, unalifanya liwe wazi. Ukieleza chombo, unakifanya kielee majini. Kwa miaka mingi niliifundisha mifano hii darasani kama kichekesho cha sarufi. Sikujua kwamba Kakapel wanaakiolojia walikuwa wakifanya "eleza" ya pili ili wapate la kusema katika ile ya kwanza.

Lakini kwanza, jumba la makumbusho lilifikaje pande hizi za kwetu? Kumbuka kwamba hadi mwaka 1902 ardhi hii yote, pamoja na Kisumu na kwenda mpaka Naivasha, ilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Waingereza ndio walioihamishia upande wa pili kwa kalamu. Jumba la makumbusho la Uganda likaanzishwa Kampala mwaka 1908, kongwe kuliko mengine yote ya nchi hizi, na mengi ya yaliyowekwa mle yalikuwa vifaa vya mizimu na uganga. Waganda wakaliita "Enyumba ya Mayembe". Si maembe ya kuliwa. Mayembe kwa Kiganda ni pembe, zile za uganga zinazosemekana kuwa na pepo ndani. Hebu fikiri: serikali yaona imejenga nyumba ya elimu, wananchi wanaiona nyumba ya uchawi na kupita kando. Hakuna aliyekuwa amewaeleza. Mambo yalibadilika baadaye, msimamizi Klaus Wachsmann alipowakaribisha wapigaji wa ngoma na zeze wapige ala mle mle ndani. Hapo watu wakaingia.

Upande wa Kenya, chama cha wapenda mazingira na viumbe kilianzisha mkusanyo wake Nairobi mwaka 1910, na mwaka 1930 likafunguliwa jumba lililopewa jina la Robert Coryndon, aliyekuwa gavana wa Uganda kabla ya kuwa gavana wa Kenya. Magharibi, mlowezi mmoja mwanajeshi, Hugh Stoneham, alikuwa na jumba lake la vipepeo, vitabu na vitu vya kale tangu 1926. Baada ya kifo chake mkusanyo huo ukawa msingi wa jumba la Kitale lililofunguliwa 1974. Kitale walifanya jambo ambalo bado nalisifu: waliweka mtambo wa kuzalisha gesi kwa mavi ya ng'ombe, mkulima aje aone kwa macho yake. Kisumu ikafuata 1980, na nyoka wake, samaki wake na boma la Kijaluo. Shule yetu ilinipeleka huko nikiwa mdogo. Nyoka nawakumbuka hadi leo, lakini hakuna aliyenihusisha mimi wa Malaba na chochote nilichokiona. Nilirudi nikiamini kwamba makumbusho ni kitu kinachofuatwa mbali, ilhali Kakapel ilikuwa pua na mdomo na kwetu.

Sasa nirudi kwenye kile kibaraza cha jabali. Wanaakiolojia wa Makumbusho ya Kitaifa, wakiwemo Emmanuel Ndiema na Christine Ogola, pamoja na wenzao wa Marekani na Ulaya, walichimba sakafu yake. Matokeo ya mimea yalichapishwa mwaka 2024 katika jarida la Royal Society la London, waandishi wakuu wakiwa Steven Goldstein na Natalie Mueller. Tabaka za udongo walizozichimbua zinarudi nyuma miaka 9,000 hivi. Ndani ya tabaka hizo walipata mbegu zilizoungua. Kunde moja ilipimwa ikakutwa na umri wa miaka 2,300 hivi, na mfupa wa kwanza wa ng'ombe wa kufugwa ni wa wakati huo huo. Mtama, wimbi na njegere zinaonekana baadaye, angalau miaka 1,000 iliyopita.

Niliyasoma haya kwa Kiingereza, nikashika tama. Kisha nikaamua kumweleza Mama, ambaye amelima kunde miaka sitini na hajawahi kukanyaga jumba la makumbusho. Nilimkuta jikoni anaosha wimbi.

"Mama, unajua wale watu wa Kakapel walipataje mbegu za kale? Waliutia udongo kwenye maji."

"Halafu?"

"Udongo na mawe vikazama. Mbegu zilizoungua zikaelea juu, wakazichota kwa chujio."

Alinionyesha sufuria yake, makapi yakiwa yanaelea juu. "Si ndiyo hii mimi nafanya hapa? Sasa hao walienda chuo kikuu kusomea kuosha wimbi?"

Tulicheka sana. Lakini tazama alivyolishika jambo lenyewe kwa sekunde tano! Vitabu vya Kiingereza vina jina la kitaalamu la mbinu hiyo, na nimeona wanafunzi wa chuo wakilikariri bila kuelewa. Kiswahili kina "kueleza mbegu", na mwanamke wa Malaba ana sufuria. Kinachobaki ni mtu wa kuyakutanisha.

Akauliza lililo gumu zaidi: kwa nini zilizoungua? Nikamwambia mbegu nzima huoza au huliwa na wadudu, ila iliyoungua ikawa mkaa haina anayeitaka. "Yaani mpishi aliyeunguza ndiye anayekumbukwa?" akasema. Naam, ndivyo. Kila aliyefanya kazi nzuri jikoni Kakapel chakula chake kililiwa kikaisha.

Na umri je, wameujuaje? Hapa nilitoa jasho. Mmea ulio hai huvuta kaboni kutoka hewani, na ndani ya kaboni hiyo mna sehemu ndogo mno iitwayo kaboni-14. Hii huisha yenyewe polepole. Kila miaka 5,730 hivi nusu yake huwa imekwenda. Mmea ukishakufa hauongezi nyingine. Kwa hivyo ukipima kilichobaki unajua ni lini ulikufa. Ni Willard Libby wa Chuo Kikuu cha Chicago aliyeifumbua njia hii mwishoni mwa miaka ya 1940, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1960. Nilimwambia Mama afikirie ghala lililofungwa ambamo hakuongezwi kitu, na wadudu wanakula kwa mwendo unaojulikana. Kwa kunde ile ya Kakapel, robo moja ya kaboni-14 ilikuwa imekwisha, robo tatu zimebaki. Tena walipima mbegu yenyewe badala ya kukisia umri wake kutokana na udongo uliokuwa kando yake, kwa sababu panya na siafu huchimba, na mbegu ndogo huweza kutumbukia tabaka isiyo yake.

Hili la tabaka na nyakati ndilo linalonirudisha kwa mpwa wangu. Shuleni tulifundishwa kwamba Wabantu walikuja na chuma, mbegu na vyungu kama mtu anayehama na vyombo vyake vyote kwenye lori moja. Kakapel inasema sivyo. Kunde asili yake ni Afrika Magharibi. Mtama ulitoka kaskazini mashariki. Wimbi ni wa hapa hapa Afrika Mashariki. Njegere nayo huenda ilishuka kutoka pande za Ethiopia. Kila kitu kilifika kwa wakati wake, na waliokuwepo wakakipokea, wakakichanganya na walichokuwa nacho. Hata mifupa ya watu waliozikwa pale ilichunguzwa jeni, matokeo yakachapishwa mwaka 2020: aliyeishi miaka 3,900 hivi iliyopita nasaba yake ilikuwa ya wawindaji na wachumaji, na waliozikwa baadaye hawakufanana naye. Watu wengi wamepita chini ya jabali lile. Miduara ya Kakapel utaikuta pia Nyero, Kumi, ng'ambo ya Uganda, na kisiwani Mfangano. Aliyechora hakuwa na habari ya mpaka.

Sahani yetu inayasema hayo kila jioni. Majani ya kunde Wateso wanayaita eboo, Wajaluo boo, Waluhya wengi likhubi. Mtaalamu wa isimu akitazama hilo neno la Wateso na la Wajaluo ataona mara moja kwamba kuna jirani aliyemwazima jirani jina pamoja na mboga. Nani alimpa nani? Huo ni utafiti ambao mwanafunzi wa Amagoro anaweza kuuanza kwa daftari na nyanya yake.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba sayansi haiwezi kusemeka kwa lugha zetu. Mpaka huu wa Busia na Malaba ndio uliozaa "boda boda": vijana wa baiskeli walipaza sauti wakiwaita abiria wa kuvushwa kutoka mpaka hadi mpaka, neno la Kiingereza likarudiwa mara mbili, na leo linasemwa hata mbali na mpaka huu. Hakuna kamati iliyoketi. Watu walikuwa na jambo la kufanya na wakalipa jina. Makumbusho nayo, neno lililotokana na "kumbusha", ni lazima yawe na mtu wa kukumbushwa. Anayechimba pale Kakapel apange siku ya kutia udongo majini mbele ya wanakijiji, kwa Kiswahili na Kiteso, na waje na masufuria yao. Kibao cha maandishi pekee hakitoshi; kibao hakijibu maswali, na kwa mpwa wangu maswali hayaishi.

Jioni ile nilimweleza kijana yote haya. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hivyo jibu ni wote, ama ni hakuna?" Nikamwambia akauliza mwalimu wake wa Mafunzo ya Jamii, halafu aje aniambie.

Mama naye ameomba nimpeleke Kakapel kabla ya mvua. Nikaona ni heri nimweleze mapema kuhusu zile herufi mbili, asije akazikuta mwenyewe. Alikasirika kwelikweli. Akasema atabeba kitambaa na maji, nizifute mbele yake. Nikamwambia hairuhusiwi: jabali lile likisuguliwa, rangi za kale nazo hutoka, na kazi hiyo ni ya wataalamu peke yao.

"Basi ziache," akasema. "Na mtoto umwonyeshe ni za nani."