Kiolezo cha Kompyuta Pepe: Historia ya Kutenga Kilicho cha Wote na Kilicho cha Mmoja

Utangulizi

Neno kiolezo hutokana na kitenzi oleza, yaani kufuatisha mfano. Katika uendeshaji wa seva, kiolezo ni nakala ya kompyuta pepe iliyokwisha kuwekewa mfumo endeshi na programu zake, ikahifadhiwa ili izalishe kompyuta nyingine. Kompyuta pepe nayo ni kompyuta inayoigwa na programu ndani ya kompyuta halisi, hivyo mashine moja huweza kubeba nyingi. Historia ya kiolezo huweza kusimuliwa kama historia ya kuongeza kasi ya kazi. Makala haya yanadai kuwa kiini chake ni swali jingine: ni kipi kinakiliwe kwa wote, na ni kipi kibaki cha mmoja?

Mgawanyo wa Awali

Mfumo wa CP-40 ulianza kutumika mwaka 1967 katika kituo cha utafiti cha IBM kilichokuwa Cambridge, Massachusetts, nchini Marekani. Ulifuatwa na CP-67, kisha VM/370 uliotangazwa mwaka 1972. Katika VM/370, kila mtumiaji alipewa kompyuta pepe yake, lakini mfumo endeshi wa CMS haukuwekwa upya kwa kila mmoja. Ulikaa katika diski ya pamoja iliyoruhusu kusomwa tu, na nakala yake iliyo tayari kutumika iliweza kuhifadhiwa na kuitwa kwa jina. Faili za mtumiaji zilikaa katika diski yake ndogo, ilhali jina lake, nywila yake na kiasi cha kumbukumbu alichotengewa viliandikwa katika orodha kuu ya watumiaji. Kwa hiyo, cha wote na cha mmoja vilitenganishwa mapema.

Kunakili Kila Kitu

Hali ilibadilika kompyuta pepe zilipohamia kwenye mashine za kawaida zenye vichakataji vya x86. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilitoa programu yake ya kwanza mwaka 1999. Diski ya kompyuta pepe sasa ilikuwa faili, na faili hunakilika kwa urahisi. Wepesi huo ulikuwa na gharama. Nakala ilibeba kila kitu: jina la mashine, nambari yake ya utambulisho na funguo za siri ambazo seva hutumia kuthibitisha kuwa ndiyo yenyewe. Endapo funguo hizo zimetengenezwa kabla ya kiolezo kuhifadhiwa, seva mia moja zitakuwa na ufunguo mmoja. Atakayeuiba katika seva moja ataweza kuiga nyingine yoyote kati ya hizo.

Tatizo lilipanuka baada ya Amazon kuanzisha huduma ya EC2 mwaka 2006, ambamo wateja waliweza kugawiana violezo hadharani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulichunguza zaidi ya violezo 5,000 vya aina hiyo. Katika baadhi yake zilikutwa funguo za siri zilizosahauliwa, pamoja na faili zilizofutwa ambazo bado ziliweza kurejeshwa. Mkarimu aliyegawa kazi yake alikuwa amegawa na siri zake.

Kurejeshwa kwa Mgawanyo

Suluhisho lilikuja kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kukisafisha kiolezo. Kwa upande wa Windows, Sysprep huondoa utambulisho wa mashine kabla ya kuhifadhiwa. Kwa upande wa Linux, cloud-init, iliyoanzia katika Ubuntu, huipa kompyuta jina, funguo na mipangilio yake inapowashwa mara ya kwanza.

Njia ya pili ni kukieleza kiolezo kwa maandishi. Packer, iliyotolewa mwaka 2013, husoma maelezo hayo na kujenga kiolezo kutoka mwanzo. Umuhimu wake unatokana na ukweli kwamba kiolezo huzeeka: kasoro za usalama zinazogunduliwa baada ya kuhifadhiwa hubaki ndani yake, na kila kompyuta inayozalishwa huzaliwa nazo. Maandishi husahihishwa na kiolezo kikajengwa upya, bila kutegemea kumbukumbu ya fundi aliyekiandaa.

Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa mgawanyo uliokuwamo katika VM/370 ulififia pale kunakili kulipokuwa rahisi, ukarejeshwa baada ya madhara kuonekana. Ubora wa kiolezo, basi, haupimwi kwa wingi wa vilivyomo pekee, bali pia kwa vile vilivyoondolewa kabla hakijahifadhiwa.