Tokeni Zimeisha Ukichapa Kazi Kwa Vim? Usibonyeze D!

Maze, cheki hii. Ni saa nane usiku, projekti ni ya kesho asubuhi na betri ya lapi yako ilikufa kitambo, so unategemea stima tu. Mara paap! Tokeni zimeisha. Kama ulikuwa unachapia Vim, wacha kulia kwanza.

Vim ni ile programu ya kuandikia ya Mholanzi Bram Moolenaar, aliyeitoa 1991. (Ukiifungua bila faili, kwa miaka mingi ilikuwa inakuomba usaidie watoto wa Uganda. Jamaa alikuwa amefanya kazi huko Kibaale.) Hii kitu haingoji usevu. Kila ukichapa herufi 200, ama ukinyamaza sekunde 4, inaandika kazi yako pembeni kwa faili ya swapu. Faili yako ikiwa ripoti.txt, swapu itaitwa .ripoti.txt.swp. Ukifunga Vim vizuri, inajifuta.

Stima ikirudi, fungua ripoti yako. Utakutana na onyo refu lenye E325, na hapa ndio wasee huchoma. Wanaona maneno mengi, wanashtuka, wanabonyeza D. D ni kufuta swapu, na kazi imeenda hivyo. Wewe bonyeza R, ama kwa terminali andika vim -r ripoti.txt. Soma uone kama kila kitu kiko, sevu, ndio sasa ufute ile swapu, juu ikibaki hilo onyo litakusumbua kila ukifungua faili. Na kama hakuna kitu kilizima, angalia dirisha zingine kwanza. Pengine ni wewe mwenyewe umefungua faili moja mara mbili.

Lakini swapu inaokoa maandishi tu, si historia ya kutendua. Hiyo ni stori ingine, na ni tamu. Kwa programu nyingi ukirudi nyuma hatua kumi halafu uchape herufi moja, zile kumi hutaziona tena. Vim, tangu toleo la 7.0 la 2006, huziweka kama matawi ya mti. Bonyeza u kurudi nyuma, Ctrl-R kwenda mbele, na g- kupitia hata matawi uliyoacha. Mimi nayopenda ni :earlier 10m, inakurudisha vile mambo yalikuwa dakika 10 zilizopita, kabla uharibu.

Shida ni ukifunga faili, huo mti unapotea. Weka set undofile kwa .vimrc yako (iko tangu 7.3, ya 2010) na hata kesho utaendelea kutendua ya leo. Ukibadilisha faili kwa programu ingine, Vim itaikataa hiyo historia. Na chunga sana kwa lapi ya kushare: ile paswadi uliandika ukafuta, bado imelala ndani ya faili ya historia.